Spika Mbili za Nyuma

Siku mume wangu aliporudi kutoka Dar es Salaam, nilikwenda stesheni ya Itigi kupokea bati. Alikuwa amesafirisha madumu ya asali yetu, na tulikubaliana kwamba asali ikishauzwa tunaezeka jiko, kwa sababu msimu wa mvua uliopita nilikuwa nimepika chini ya turubai lililotoboka. Treni ikasimama. Akashuka amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mgonjwa, na nyuma yake mchukuzi ana boksi la pili.

"Bati ziko wapi?" nikamuuliza.

"Salimia kwanza."

"Pole na safari. Bati ziko wapi?"

"Zitakuja. Shika hapa chini, usiliinamishe."

Ndani ya boksi kulikuwa na amplifaya nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, iliyokwisha kutumika ughaibuni. Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila walichokichoka Wajapani kilikuwa kinatafuta nyumba kwetu. Boksi la pili lilikuwa na spika tano ndogo na moja kubwa ya besi, ile tunayoiita sabufa. Mume wangu alizipanga zile tano kwenye kabati la sebuleni, mstari mmoja, kama sahani za sikukuu, na kila moja akaivisha kitambaa nilichofuma mimi mwenyewe. Wageni walikuja, wakakaa kuzitazama, wakaondoka wakisema sasa mmefika. Mimi nilikuwa napika chini ya turubai.

Nilinuna wiki nzima. Wiki ya pili udadisi ukanishinda. Kitabu cha maelezo nilikikuta chini ya mguu wa kabati, kimewekwa kama kabari ili kabati lisiyumbe. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Matokeo si ya kujisifia, lakini Kiingereza cha kitabu cha mashine nakisoma, neno moja moja, kamusi pembeni. Nikaweka kipande cha tofali mahali pake, nikakaa nacho.

Ukurasa wa nne ulikuwa na picha ya chumba kilichochorwa kutoka juu. Mtu amekaa kwenye kiti katikati. Spika tatu ziko mbele yake, na mbili ziko nyuma ya kichwa chake, moja kila upande. Niliitazama picha ile muda mrefu. Sikuwahi kufikiri kwamba sauti ina mahali. Redio kwetu ilikuwa kitu kimoja kinachosema kutoka pembe moja, nawe unageuka kukisikiliza. Hawa walikuwa wanataka sauti ikuzunguke kama mtu aliyekaa katikati ya soko.

Nikamwonyesha mume wangu. "Umezipanga vibaya. Mbili zinakaa nyuma ya mgeni."

"Nani anaweka kitu cha thamani nyuma ya mgeni? Ataionaje?"

"Haionwi, inasikiwa."

"Basi ningenunua kuku wa jirani, naye anasikika bure."

Hakuzigusa. Nami nikaliacha, maana wakati huohuo mama yake alifika kutoka Sepuka kutusalimia baada ya mavuno, na nyumba ikapata jambo lingine.

Jambo lenyewe lilikuwa binti yetu. Alikuwa na miaka minne kasoro miezi. Kwetu mtoto wa kike akiitwa anaitikia "abee", halafu anakuja, anasimama mbele ya aliyemwita. Asiyeitika unaweza kumsamehe, labda hajasikia. Lakini anayeitika "abee" kisha akakimbilia upande mwingine, huyo anakucheza shere, na watu wakitaka kujua amejifunza wapi, wanamtazama mama yake.

Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko anapepeta mtama, binti yangu anacheza uani amempa mgongo.

"Mke mwenzangu, njoo," akamwita, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Abee, bibi," akasema, akatimka kuelekea barabarani.

Siku ya kwanza bibi alicheka. Siku ya tatu hakucheka. Asubuhi alikuwa anakaa kwenye kigoda kushoto kwa mlango, anangoja shikamoo yake, na mtoto anampita huku bibi anamsemesha, anakwenda zake kunawa. Wazee wa mtaani nao walikuwa na malalamiko yao, ila wao walikuwa wananiambia kwa kuzunguka.

"Huko kwenu Manyoni mnawafundisha watoto nini?" mama mkwe akaniuliza.

"Tunawafundisha kusalimia, mama."

"Basi siku hiyo wewe hukwenda."

Usiku ule nikasikia wanazungumza Kinyaturu na mwanawe, na asubuhi nikaambiwa kilichoamuliwa. Jumamosi ya wiki inayofuata bibi anaondoka na mtoto. Atakaa Sepuka mwaka, labda miwili, hadi anyooke. Mume wangu alinieleza huku anafunga kamba za viatu, kwa sababu alikuwa anakwenda vijijini kukusanya asali na hakutaka tuangaliane. Nilimwuliza kama nimeulizwa. Akasema mama ni mama.

Hasira ya bati ilikuwa mchezo. Hii ilinikaa kifuani kama pumba kavu. Na sitaki kumsema mkwe wangu peke yake: mimi pia nilikuwa nimemchapa yule mtoto, mara mbili, kwa kosa hilohilo.

Mchana uliofuata mama mkwe alikwenda kumjulia hali ndugu yake upande wa pili wa reli. Nikabaki na mtoto na kabati. Nitasema ukweli, nilizihamisha zile spika kwa chuki. Nilitaka mume wangu arudi akute vitu vyake vya thamani vimewekwa nilipotaka mimi. Nikavuta nyaya chini ya mkeka, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, mbili nikaziweka juu ya viti vya nyuma. Kisha nikabonyeza kitufe ambacho kitabu kilisema ni cha kujaribia.

Ikatoka sauti kama mvua ya mbali juu ya bati. Ilianza kwenye spika ya kushoto, ikanyamaza. Ikaanza katikati. Ikaenda kulia, ikaenda nyuma kulia, ikaenda nyuma kushoto, kisha ikarudi mwanzo. Nilikaa kitini katikati, kama mtu wa kwenye picha, nikafumba macho. Nilikuwa nageuza shingo kama mwehu na nilikuwa nacheka peke yangu. Hasira zote zilikaa pembeni kwa muda.

Binti yangu akaja kuona ninachekea nini. Nikampakata, tukatazama mbele wote wawili.

"Mvua iko wapi?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole kulia. Sauti ilikuwa kushoto.

Ikahamia katikati. Akanyoosha kulia. Ikaenda kulia, akanyoosha kulia, nikamsifu. Ikaenda nyuma kushoto, karibu kabisa na sikio lake. Akanyoosha kulia, akaniangalia usoni kuona kama amepatia.

Nilidhani ni mchezo. Halafu nilidhani ni ile spika ya kulia, labda ndiyo anayoipenda, ilikuwa na kitambaa chenye ua jekundu. Shuleni mwalimu wa fizikia alikuwa anatuambia ukitaka kujua, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache. Kwa hiyo niliacha spika zote zilivyo, nikamgeuza mtoto. Sasa tukatazama mlangoni, kabati likiwa nyuma yetu. Spika ya ua jekundu ikawa kushoto kwake. Akanyoosha kidole kulia tena, kwenye ukuta usio na kitu ila kalenda.

Nikabadilisha kitu kimoja kingine. Nikachukua pamba, nikamziba sikio la kushoto. Hakuna kilichobadilika. Anasikia, anaitika, ananyoosha kulia. Nikaitoa, nikamziba la kulia, nikabana na kiganja juu yake. Mvua ikazunguka chumba kizima, spika zote tano. Mtoto wangu akakaa mapajani pangu, anachezea kifungo cha gauni langu, ananingoja.

"Mvua iko wapi?"

Hakuinua hata kichwa.

Nikazima. Nikamtoa pamba, nikamkumbatia, akaniuliza kwa nini mchezo umekwisha. Nilikuwa nahesabu kichwani siku zote alizokimbilia barabarani. Alikuwa anasikia ameitwa. Alikuwa anaitika kwa adabu zote. Kisha alikuwa anamfuata bibi yake kule ambako sikio lake moja lilimwambia bibi yuko.

Mama mkwe aliporudi nilimpa maji, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaitazama amplifaya.

"Mashine ya Kijapani ndiyo inayojua mjukuu wangu?"

"Mimi ndiye ninayejua, mama. Mashine imenionyesha."

"Sikatai. Ila mimi hiyo kitu siiamini. Mtoe nje."

Alifanya jaribio lake mwenyewe, na siwezi kusema lilikuwa baya kuliko langu. Alimkalisha mtoto uani, akampa punje za mahindi achezee, akamwambia asigeuke hadi aitwe. Akavua kandambili asisikike anapotembea. Akasimama kushoto kwake, hatua kama kumi.

"Mke mwenzangu, njoo."

"Abee, bibi." Akatimka kulia, mpaka kwenye uzio, akasimama pale anashangaa miti.

Akarudishwa. Bibi akasimama nyuma yake. Mtoto akatimka kulia. Kisha bibi akasimama kulia kwake. Mtoto akaja moja kwa moja, akasimama mbele yake, mikono mitupu, kama anavyotakiwa. "Shikamoo, bibi." Bibi hakuitika marahaba. Alirudi tena kushoto, akamwita kwa Kinyaturu, akamwita kwa sauti ya chini, akamwita kwa ukali. Ile ya ukali ndiyo iliyoniuma, maana mtoto alikimbia zaidi, kwa kuogopa kuchelewa.

Mama mkwe akakaa chini, hapohapo mchangani.

Kesho yake asubuhi tulikwenda hospitali, sisi watatu, bila kumngoja mume wangu. Daktari alimulika ndani ya masikio yote mawili, akagonga vyuma vyake pembeni ya kichwa cha mtoto, akauliza kama aliwahi kuugua matumbwitumbwi. Aliugua, akiwa na miaka miwili. Mashavu yalivimba, tukampaka majivu ya moto, yakapona, tukasahau. Daktari akasema sikio la kushoto halifanyi kazi, na halina dawa. La kulia ni zima kabisa. Akianza shule akae mbele, kushoto kwa darasa, ili sikio zima limwelekee mwalimu. Na ukitaka kumwita, akasema, mwite ukiwa unaonekana.

"Basi?" nikamuuliza.

"Basi. Na msimchape kwa hilo."

Mimi niliangalia sakafu, na nafikiri mama mkwe naye aliangalia sakafu.

Tulirudi kwa miguu kandokando ya reli, mtoto katikati yetu. Mama mkwe alikuwa amehamia kulia kwa mtoto bila kuambiwa. Tulipofika karibu na nyumbani akaanza kusema, taratibu, kama anayeongea na njia.

"Kaka yake mumeo alikuwa hivihivi."

"Yule wa Sekenke?"

"Yule. Nikimwita akiwa malishoni anaitika, anakwenda na ng'ombe upande mwingine. Nikasema huyu ana dharau. Nilimchapa sana, mwanangu. Baba yake alimchapa. Alipopata akili akakimbilia machimboni huko Sekenke, harudi hata kwenye misiba."

"Aliwahi kuvimba mashavu?"

"Nani anakumbuka mashavu ya mtoto wa miaka ile?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyapanga tangu siku ile aliponisema kuhusu Manyoni. Sikumsamehe. Maneno niliyaacha tu, kwa sababu alikuwa analia na mtoto alikuwa anamwangalia.

Mume wangu alirudi Ijumaa na madumu yake, akakuta spika mbili ziko juu ya viti vya nyuma. Akafungua mdomo. Mama yake akamwambia aziache hapo, akae kwenye kiti, asikilize, na akimaliza kusikiliza amweleze ni kwa nini mke aliyesoma haulizwi jambo la mtoto wake. Akakaa, nikamweleza habari ya sikio la mtoto. Mvua ikamzunguka. Niliona shingo yake inavyogeuka, kushoto, kulia, nyuma, na nilitamani kumcheka, lakini alipomaliza alimwita binti yake aje, akasahau, akamwitia kushoto. Mtoto akakimbilia ukutani. Mume wangu akainama akashika kichwa.

Jumamosi tulimsindikiza mama mkwe kupanda basi. Begi lilikuwa moja, lake. Binti yangu alisimama mbele yake akatoa shikamoo, akaitikiwa. Nilimwuliza mume wangu atakayempokea mama Singida mjini ili ampeleke Sepuka ni nani. Mama mkwe akanijibu mwenyewe, mguu mmoja umeshapanda ngazi.

"Siendi Sepuka. Singida nabadilisha gari. Nakwenda Iramba, nikamtafute yule mwanangu huko Sekenke."

"Ukimpata utamwambia nini, mama?"

"Sijui. Kwanza nitasimama mbele yake, anione."