Mama Fua

Kasiva hakuwa Mkamba, ila jina lake lilikuwa la Kikamba, na taabu yote ilianzia hapo. Alizaliwa mtaani Majengo usiku wa mvua, hospitali haifikiki, akapokewa na jirani yao mkunga, mama wa Kitui aliyeitwa Kasiva. Baba yake, Bwire, kibarua wa kiwandani kutoka Busia, akasema mtoto atachukua jina la mikono iliyomdaka. Ndugu zake wakanuna. Bwire akawaambia wanune wapendavyo, huyu ni mtoto wa Kenya.

Maneno matamu hayo. Lakini hapa kwetu hakuna anayekuuliza kama u mtoto wa Kenya. Unaulizwa kwenu ni wapi. Kasiva alijibu "Majengo" tangu shule ya msingi, na kila mara akaulizwa tena, "La, kwenu kwenyewe?" Alikua na Kiswahili na Sheng, basi. Kisamia cha wazazi wake alikisikia lakini hakukisema. Kikamba hakujua hata salamu. Wenzake katika kiwanda cha kushona sare walimtania kwamba mwacha mila ni mtumwa, naye akiwajibu kwamba hajaona mtumwa anayelipa kodi ya nyumba mtaa wa Fedha. Wakati wa amani mambo haya ni ya kuchekea.

Kisha matokeo ya uchaguzi yakabishaniwa, na kicheko kikaisha. Simu zikajaa uvumi: mtaa huu wamefukuzwa hawa, mtaa ule wamefukuzwa wale, na wanaofukuzwa huku ndio wanaofukuza kule. Kiwanda kikafungwa mchana. Kasiva alikwenda kwa miguu, mkoba kaukumbatia kifuani, akiwaza jambo moja tu. Mama yake, Triza, alikuwa peke yake nyumbani. Alikuwa amekuja kutoka Busia, alikorudi uzeeni, kutibiwa macho, na mama huyo akifungua mdomo, hata kwa Kiswahili, unajua papo hapo ametoka upande gani.

Njia ya kuingia kwenye ploti yao, jengo la nyumba za kupanga, ilikuwa imezibwa kwa mawe na matairi. Vijana wenye marungu walikuwa wakiuliza watu majina, na mbele yao alisimama mwanamume wa makamo aliyevaa koti la udereva. Wenziwe walimwita Munyoki. Miguu ya Kasiva ilitaka kurudi nyuma, ila nyuma pia kulikuwa na watu.

"Jina?"

"Kasiva."

Mkono wake ulikuwa tayari mkobani ukitafuta kitambulisho, na kwenye kitambulisho hicho lilikuwapo jina la Bwire. Uso wa Munyoki ukalainika kwa kusikia jina.

"Wakya?" akamsalimu kwa Kikamba chao.

Neno hilo hutamkwa "wacha". Kasiva akasikia "wacha", akadhani anakatazwa kufungua mkoba. Akautoa mkono haraka.

"Aa!" akasema kwa woga.

Kumbe ndivyo Wakamba wanavyoitikia. Munyoki akageuka kwa furaha. "Huyu ni wetu! Msimguse. Dada, twende nikupeleke hadi kwa mlango, siku hizi si poa kutembea solo."

"Nitafika tu, kaka. Usijisumbue."

"Hapana bana. Tukikuacha, tutakuwa watu gani?"

Wema huo ulimtisha Kasiva kuliko marungu yote. Alipanda ngazi akiomba Mungu mama yake awe amelala. Munyoki alipanda nyuma yake pamoja na vijana wawili, akimwuliza kwao ni Kitui au Machakos. Kasiva alikohoa ili asijibu.

Walipofika mlangoni, sauti ikatoka ndani kwa salamu ya Kisamia: "Mulembe! Ni wewe?"

Munyoki akasimama. "Nani huyo?"

Hapo Kasiva alisema neno ambalo hakujua limetoka wapi. "Ni mama fua. Ananifulia nguo tu."

"Basi mtoe," alisema Munyoki, bila hasira yoyote. "Hao hatutaki waonekane kwa hii ploti. Wewe ingia, ufunge."

Kasiva alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amejenga ukuta wa kujificha, akamwacha mama yake nje ya ukuta. Papo hapo mlango ulifunguliwa. Triza alitoka akiwa amejifunga leso kiunoni, viatu mkononi, akipapasa ukuta kwa sababu ya macho yake. Alikuwa amesikia yote.

"Madam, nguo nimeanua," alisema, akainamisha kichwa. "Zilizobaki nitamaliza kesho."

Mama aliyemzaa akamwita madam. Triza akaanza kushuka ngazi polepole, na wale vijana wawili wakamfuata.

"Mama!" Kasiva alipiga kelele.

Hakuna aliyeshtuka. Katika Kiswahili kila mwanamke ni mama, hata wa kufua. Angeweza kuliacha hapo, aingie, afunge mlango. Woga ulimwambia afanye hivyo. Badala yake alishuka mbio, akamshika mama yake mkono.

"Ni mama yangu mzazi. Mimi ni binti ya Bwire, wa Busia."

Munyoki alimkodolea macho. "Lakini umeitikia!"

"Nilidhani umeniambia niwache."

Kijana mmoja aliinua rungu, Munyoki akaushika mkono wake. Uso ule laini haukuwapo tena. Alikuwa na aibu, na aibu ilikuwa ikigeuka kuwa hasira.

"Potea," alisema. "Nyinyi wawili. Na msirudi hapa."

Wakapita kwenye mawe na matairi, mkono kwa mkono, bila kugeuka nyuma. Kasiva hakujua wanakwenda wapi. Majengo hapakuwa na mtu wao tena, na Busia hakuwahi kulala hata usiku mmoja.

"Ungenyamaza, mwanangu," Triza alinong'ona. "Mimi nilikuwa nimeshakubali kuwa mama fua wako."

Kasiva alichukua viatu mkononi mwake, akapiga magoti, akamvisha.