Nani Anapumua Igogo?

Nikiri tu: utafiti wangu wa mapovu ya gesi yanayotoka kwenye tope la ziwa ulisomwa na watu wawili, mmoja wao mimi. Nikaona niupambe. Nikaurusha kwenye magrupu ya simu ya mtaa wetu wa Igogo, kando ya ziwa, kwa kichwa kipya: “Nani anapumua chini ya maji Igogo?”

Asubuhi yake nilikuta ufukweni kuko kimya. Hakuna aliyefua wala kuchota maji. Akina mama walisimama mbali, na kuku mweupe kafungwa kwenye jiwe.

“Shikamoo, mama,” nilimwamkia mkubwa wao.

“Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika?”

“Ndiyo,” nilijibu kwa maringo.

“Basi mwambie atoke. Si unamjua?”

Nikacheka, nikaingia majini kuwaonyesha. Povu kubwa likapasuka miguuni pangu. Mtaalamu wa mapovu nikawa wa kwanza kukimbia.