Wanawake Sita wa Kufunikwa

Kama umewahi kuoa Mkikuyu hapa Minneapolis ama Saint Paul, basi Mumbi amewahi kukutoa jasho. Ni yeye huja kwenye ruracio, ile siku wakwe wanakuja kuomba msichana, akiwa na begi kubwa la leso. Anawakusanya wanawake chumba cha nyuma, anawafunika kutoka utosini hadi vidole vya miguu, kisha anawatoa mmoja mmoja wakitembea kama magunia ya viazi yenye aibu. Bwana harusi anaambiwa: haya, wako ni yupi? Akikosea, leso inatolewa mbele ya watu wote, na chini yake kuna shosho wa miaka sabini anamkonyeza. Watu wanavunjika mbavu, na video iko mtandaoni kabla nyama haijaiva.

"Kwani humjui?" Mumbi humuuliza huyo maskini wa Mungu. "Ulikuwa unapenda picha tu?"

Ana miaka hamsini na tisa. Anatunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee huko Saint Paul, miaka kumi na saba sasa, na mgongo wake unaikumbuka yote. Kimo chake ni kama cha friji ndogo, lakini sauti! Ukiongea naye kwa simu, hata mtu wa chumba kingine anapata habari. Nyumbani kwake ni Richfield, karibu na uwanja wa ndege, na amezoea kukata sentensi katikati, kungoja ndege ipite juu ya paa, halafu kuendelea kukuchamba palepale alipoachia.

Huyu ndiye mwanamke ambaye binti yake, Keziah, alimwambia miaka mitatu iliyopita kwamba anampenda msichana mwenzake.

Mumbi alisema, "Sawa." Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Miezi minane ikapita wakisalimiana kama watu wawili kwenye foleni ya leseni ya gari. Hujambo, sijambo, kuna baridi, ndiyo kuna baridi. Keziah akaacha kuja kula Jumapili. Mumbi akaendelea kupika ya watu watatu, yeye, mumewe Duncan, na kiti.

Mahubiri hayakumbadilisha, na si kwamba hakuyasikia. Kazini kulikuwa na mzee mmoja mrefu hadi miguu inatokeza kitandani, na kila siku saa sita mchana alikuja mzee mwingine mwenye kofia ya sufu, akamlisha supu huku akipuliza kila kijiko. Siku moja Mumbi akamwandika kwenye karatasi ya wageni: kaka. Yule mzee akavaa miwani, akasoma, akaomba kalamu. Akakata. Akaandika: mume.

"Tulingoja miaka thelathini na minane," akamwambia, wala hakuwa na hasira. "Sheria ya Minnesota ilipotukubali mwaka wa 2013 tulikuwa tumeshazeeka. Kaka nimekuwa vya kutosha."

Mumbi akaenda kwenye stoo ya mashuka akakaa juu ya mashuka. Alipotoka kazini, bado yuko kwenye maegesho, hata mkanda hajafunga, akampigia Keziah.

"Huyo Nkirote wako anakula githeri?"

"Mum?"

"Nimeuliza swali. Anakula ama hali?"

Nkirote alikula. Alikula akaongeza, akaosha sufuria, akamrekebishia Duncan rimoti. Mmeru mpole, nesi wa chumba cha dharura, mrefu, anacheka taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kufikia Krismasi Mumbi alikuwa anamsengenya mbele yake, na kwa Mumbi hayo ndiyo mapenzi.

Basi mwaka huu wawili hao wakasema wanaoana mwezi wa tisa, na marafiki wachache, bustanini. Hakuna makuu. Jumapili ya mwisho kabla ya harusi Keziah alikuwa akipanguza sahani, akasema bila kugeuka, "Mum, najua haiwezekani. Lakini nimekubebea hilo begi la leso tangu nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nafikiria siku moja na mimi..."

Hakumaliza. Na hakukuwa na ndege yoyote iliyopita.

Mumbi akaamua hapo hapo. Keziah atafunikwa siku hiyo hiyo ya harusi, kama binti wa mtu yeyote, na hatafunikwa peke yake. Maana mwanamke mmoja chini ya leso si mchezo, ni mateka. Wanatakiwa sita, Keziah na wengine watano.

"Na nani atachagua?" Duncan akauliza, kwa utaratibu tu.

"Nkirote."

"Mbona asifunikwe yeye?"

"Kwa sababu yeye ndiye alinitongoza kwanza, Dad," Keziah akajibu.

Duncan akajuta kuuliza. Akashika njia ya gereji kunoa visu. "Mimi niko upande wa nyama," akasema akienda. "Nyama haina maswali."

Mumbi akaandika kwenye grupu la akina mama wa kanisa, watu arobaini na watatu: *Jumamosi namfunika Keziah. Nataka watano.* Siku zingine angeandika hivyo na dakika mbili baadaye angekuwa anakataa watu. Safari hii, kimya. Arobaini na mmoja wamesoma, tiki za bluu zimejipanga kama taa za uwanja wa ndege. Baada ya saa nzima mtu mmoja akatuma picha ya ua na mstari wa Biblia. Mwingine akajibu, "Amina." Amina ya nini, Mumbi hakuelewa.

Akaanza kupiga simu. Huyu yuko kazini. Yule gari limemharibikia. Mwingine goti. Mwingine eti mtoto wake ana mechi ya mpira.

"Mtoto wako ana miaka ishirini na sita," Mumbi akamwambia.

"Bado anacheza, Mama Keziah."

Mwisho akampigia Kerubo anayekaa mtaa wa Crystal, ambaye wote humwita Mama Ian. Huyu si rafiki wa grupu. Walipofika Amerika walilala kwenye godoro moja miezi minne, wakivaa koti moja kwa zamu. Keziah alipovunjika mkono akiwa mdogo, Kerubo ndiye aliyembeba hadi hospitalini kwenye theluji, na viatu vya wazi.

"Unajua nampenda huyo mtoto," Kerubo akasema, sauti chini. "Lakini Baba Ian ni mzee wa kanisa. Picha moja tu, nimekwisha. Watu wataniona, dada."

"Mama Ian, leso ni ya nini?"

"Ya nini aje?"

"Leso kazi yake ni nini?"

"Si ni kufunika."

"Haya."

"Wueh."

"Unaingia kupitia gereji umefunikwa, unatoka kupitia gereji umefunikwa. Hata Duncan hatakujua."

"Na huyo Mmeru akinichagua mimi? Si utanifunua?"

"Hatakuchagua. Niachie mimi hiyo."

"Apa."

"Naapa. Hakuna wa kukufunua, Kerubo."

Dawa ilikuwa imepatikana. Mumbi akawarudia wale wengine, mmoja mmoja, na ajabu ni kwamba gari lilipona, goti likapona, hata mechi ikaahirishwa. Walioogopa kuonekana walikuwa tayari kabisa kuja bila kuonekana. Kufikia Alhamisi alikuwa na watano, kila mmoja ameshapelekewa leso yake, na kila mmoja akimwapisha asimwambie mwingine.

Kilichobaki ni Nkirote. Hakuruhusiwa kukosea hata mara moja, kwa sababu kila kosa lingekuwa uso wa mtu na kazi ya mtu na ndoa ya mtu kwenye simu za watu. Ijumaa Mumbi akamkalisha jikoni. Mwanamke huyu huyu aliyewasumbua mabwana harusi kwa miaka kumi na saba, akiwakagua kama msimamizi wa mitihani ili asiwepo anayechungulia.

"Sikiliza. Nitamweka wa tatu kutoka kushoto kwako. Tatu."

"Mama, huo si wizi wa mtihani?"

"Ni wizi. Nyamaza. Wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Usijifanye unafikiria sana. Na usicheke."

Jumamosi mchana Richfield iliona maajabu. Magari yalipaki mbali, karibu na kituo cha basi, na wanawake wakaanza kushuka wakiwa wamefunikwa tayari, kila mmoja kwa wakati wake, wakikanyaga nyasi za watu kwa sababu hawaoni mbele. Jirani mmoja mzungu alizima mashine ya nyasi akainua mkono kusalimia. Leso ya kijani ikampungia.

Ndani ya gereji, kati ya majembe ya theluji na matairi ya baridi, Mumbi akawapanga. Leso zake anazijua zote kwa rangi, hahitaji sura. Kijani, zambarau, kisha Keziah kwenye ile nyekundu yenye pindo jeusi, kisha Kerubo kwenye ya chungwa, kisha wawili wa buluu. Wa tatu, nyekundu. Akahesabu mara mbili. Akatoka mbele kuwatangazia wageni.

Bustani ya nyuma ilikuwa imejaa marafiki wa Keziah, kaka yake Nkirote, majirani, na vijana wenye simu tayari. Duncan yuko kwenye moshi wake. Mumbi akapaza sauti, "Watoe!" Mlango wa gereji ukapanda.

Kijani. Zambarau. Chungwa.

Chungwa?

Mumbi akahesabu tena kwa macho. Chungwa wa tatu, nyekundu wa nne. Akaona pia kitu kingine. Chini ya zile leso mbili kulikuwa na mikono imeshikana, kitambaa kimevutana katikati. Keziah alikuwa anatetemeka, leso nzima inatetemeka kama jani, na Kerubo alikuwa amehama mahali pake, akaja upande mwingine, ule wa mkono uliovunjika zamani, amemshika.

"Nne!" Mumbi akaita. Watu wakashangilia, wakidhani ni vituko vyake vya kawaida. Akakohoa. Akainua vidole vinne. Nkirote hakumwangalia. Alikuwa ameambiwa asijifanye anafikiria, na Nkirote ni mtu wa kutii maagizo. Akatembea moja kwa moja, akaweka mkono juu ya bega la chungwa.

"Huyu."

"Fu-nu-a! Fu-nu-a!" vijana wakaimba. Simu zikapanda juu.

Mumbi hajawahi kukimbia hivyo tangu aletwe dunia hii. Akafika, akaishika ile leso kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mwenyewe, akaibana. "Leo hatufunui aliyekosewa! Sheria mpya!"

"Aaaa! Mama Keziah! Miaka yote mbona hukuwa na huruma?"

"Nimesema ni sheria mpya!"

"Unanikaba," leso ikasema kwa sauti ndogo.

"Nimeapa," Mumbi akanong'ona, machozi yakimjia kwa hasira ya kuchanganyikiwa. "Kerubo, niliapa. Tembea tu, nitakushika hivi hivi, turudi ndani."

Leso haikutembea. Bado ilikuwa imeshika mkono wa ile nyekundu. Mumbi akasikia pumzi, ndefu, kama ya mtu anayejiandaa kuingia maji baridi.

"Uliapa hutanifunua," Kerubo akasema. "Haya, hujanifunua. Toa mikono."

Mumbi akatoa mikono. Kerubo akaivuta leso mwenyewe. Nywele zimelala upande mmoja, jasho, kola ya nguo za kazi inaonekana. Akazitazama simu zote, moja baada ya nyingine.

"Nini? Hamjawahi kuona Mkisii?" Kisha akamgeukia Nkirote. "Na wewe. Huyu mtoto nilimbeba mimi kabla hujamjua. Utamchagua kwa kuhesabu kama vituo vya basi? Tumia macho."

Nkirote akaaibika, kisha akafanya kama alivyoambiwa. Akaangalia. Akaiona leso nyekundu inayotetemeka, na mkono uliokuwa bado umeng'ang'ania mkono wa Kerubo, na pete aliyoinunua mwenyewe. Akaingiza kichwa chake chini ya ile leso, na kilichoendelea huko hakuna simu iliyokipata, ila vicheko viwili, na mtu anapenga kamasi.

Kelele zilizopigwa hapo, Duncan aliacha nyama ikaungua upande.

Zambarau naye akajifunua baadaye, akidai ni joto. Wale watatu wengine hawakujifunua. Walicheza nyimbo mbili wakiwa hivyo hivyo, wakafungiwa chakula kwenye foili, wakatoka kupitia gereji. Mumbi aliwakumbatia mmoja mmoja juu ya kitambaa, wala hakuwauliza kitu. Walikuja. Alihitaji watano na watano walikuja.

Alimkuta Kerubo kwenye ngazi ya nyuma na sahani ya mbavu magotini, akiongea na kijana mmoja. "Hiyo picha yangu, nitumie. Si hiyo, hiyo nimefumba macho. Ile nyingine."

"Unaitaka ya nini?" Mumbi akauliza, akikaa kando yake.

"Namtumia Baba Ian. Apate kwangu kabla hajapata kwa wenye maua na mistari."

"Utamwandikia nini?"

Kerubo akafikiria. Akaandika kwa kidole gumba chenye mafuta, akimsomea: "*Mtoto wetu Keziah ameolewa leo. Nilikuwa wa tatu.*" Akabonyeza.

"Sasa hiyo 'wa tatu' ataelewa nini?"

"Atauliza."

Simu ikaanza kulia papo hapo. Baba Ian, na picha yake akiwa na tai. Ikalia, ikanyamaza, ikaanza tena. Mumbi akaiangalia kama nyoka.

"Pokea, dada."

"Nitapokea," Kerubo akasema, akachagua ubavu mwingine. "Kwanza nishibe. Hayo ni mazungumzo ya mtu aliyeshiba."

Mumbi akasogea karibu zaidi, bega kwa bega, akachukua ubavu mmoja kutoka sahani ile ile, wakangoja ilie mara ya tatu.