Kompyuta Iliyoapa Kwamba Sina Homa

Ilikuwa mwaka 2019, msimu wa mvua, siku ya nne tangu nifanyiwe upasuaji wa nyonga. Nilikuwa naungua kwa homa, na kompyuta ya hospitali iliapa kwamba mimi ni mzima.

Mama wa kitanda jirani, mzima kweli, ndiye aliyehamishiwa chumba cha kutenga wagonjwa.

"Mwenzangu, wananidunga sindano za nini?" aliniuliza kutoka mlangoni. "Mimi nasubiri ruhusa tu."

Hospitali ilijivunia mfumo wake mpya. Ulisoma kumbukumbu za kila mgonjwa, na ulipokuta homa au usaha kwa mtu aliyepasuliwa, ulipiga kengele kwamba ameambukizwa humo humo wodini.

Kipimajoto, hata hivyo, kilikuwa kimekufa mwezi mzima. Muuguzi alipima homa kwa kiganja, kisha akaiandika kwenye mashine.

Daktari alikuja, akaisalimu skrini.

"Bibi, uko poa. Mfumo haujaona kitu."

"Niguse paji la uso, baba."

"Mfumo haukosei. Hizo ni wasiwasi tu."

"Huo ni wasiwasi," nilimsahihisha.

Chini ya bandeji kidonda kilikuwa kikivuja. Kwa umri wangu, usaha ukikifikia chuma nilichowekwa nyongani, mtu huzikwa nacho.

Nilimwamuru anigeuzie skrini. Kumbukumbu yangu ilisema: *Mgonjwa hana homa kali tangu jana. Hana usaha mwingi.*

Ya jirani: *Mgonjwa ana homa wala usaha.*

"Neno 'wala' hudai ukanushi kabla yake," nilisema. "Mwite aliyeandika."

Muuguzi alikuja mbio.

"Binti, jana nilikuwa na homa?"

"Hulikuwa hunaungua, bibi. Nikaandika: hana homa. Si hunayo?"

Daktari alikaa kitandani pangu bila kukaribishwa.

Herufi moja, *h*, ilikuwa imehama. Mashine ilisoma kilichoandikwa, kilichokusudiwa haikukijua. Waliposahihisha kumbukumbu zote za binti yule, kengele ililia kwa vitanda sita. Wote tulipasuliwa chumba kimoja, juma moja.

Chumba kilifungwa. Jirani yangu aliruhusiwa, akaondoka akinung'unika. Mimi nilioshwa kidonda alasiri ile ile.

"Nani alikufundisha kuandika, wewe?" daktari alifoka.

Muuguzi alinitazama, akashusha sauti.

"Ni mwalimu huyu. Darasa la tatu. Halinipa kumi kwa kumi kwenye imla."

Sikubisha. Darasa lilikuwa na watoto tisini, nami nilikuwa na desturi ya kutia vema bila kusoma. Nimeicheka mashine, lakini mfumo wa kwanza uliompitisha mtoto yule ulikuwa mimi.

Basi nilikuwa na deni. Homa iliposhuka, nilimwambia alete daftari. Kila asubuhi, akishanifunga bandeji, nilimsomea maneno kumi, nikayasahihisha herufi kwa herufi. Daktari naye alijiunga, kwa mzaha.

Juma la pili muuguzi alipata tisa, na nilikuwa nimeyasoma maneno yote.

Daktari alipata nne. Sikumpitisha.