Njiwa Waliotaka Kutufukuza Darasani

Ulikuwa mwaka wa 1995, mwezi wa Februari, mahindi ya mvua za vuli yakiwa yamekwisha kuvunwa, nami nikiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Nilikuwa mjane kwa mwaka wa sita na mwanafunzi kwa mwaka wa pili. Darasa letu la ngumbaru lilikutana kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alasiri katika ukumbi wa kanisa, upande wa Mumbuni, na nilikuwa nimejiandikisha kufanya mtihani mwishoni mwa mwaka huo. Darasa jingine ambalo ningeweza kulifikia kwa miguu halikuwepo.

Njiwa nao walihudhuria bila kukosa. Waliingia kupitia uwazi ulioachwa kati ya ukuta na mabati, wakajipanga kwenye boriti juu ya vichwa vyetu, na hawakuchagua pa kudondoshea. Siku moja kinyesi kilitua katikati ya hesabu yangu. Mwalimu wetu, msichana wa umri wa kitinda mimba wangu, akainama kukitazama.

"Mama, na hicho umekipata kwa njia gani?"

Tulicheka hadi yeye mwenyewe akafuta machozi.

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa hakucheka. Jumatano, tarehe 1 Machi, alisimama mlangoni akatangaza kwamba ndege walifuata makombo yetu, kwa kuwa baadhi yetu tulikuja na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye mikebe. Iwapo njiwa wangekuwa bado ukumbini ifikapo Pasaka, darasa lingeondoka.

"Liende wapi, mzee?" nikamwuliza.

"Hilo mtajua wenyewe."

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekula ukumbini. Mwenzetu mmoja, mwimbaji wa kwaya, akaleta kaseti zake zilizoharibika. Tulizichomoa kanda, tukazitandaza kutoka nguzo hadi nguzo chini ya ukingo wa paa, zikawa zikimetameta na kuvuma kwa upepo. Njiwa walitoweka siku mbili. Siku ya tatu walirudi, na mmoja wao alikuwa amebeba kipande cha kanda kwenda kujengea kiota.

"Angalau yupo anayependa kwaya yenu," mwalimu akamwambia mwimbaji.

Wengine walitaka tuzibe uwazi siku hiyo hiyo kwa wavu wa kuku. Nilikataa. Viotani mlikuwa na makinda. Tungeyafungia ndani yafe na kuoza juu ya vichwa vyetu. Tena, ndege mwenye chakula karibu hukosa mlango mmoja akatafuta mwingine. Ilitupasa kujua walikula nini.

Basi nikaanza kuandika, nyuma ya daftari langu, tarehe na idadi ya njiwa kila siku ya darasa. Kufikia Jumatatu, tarehe 20 Machi, jambo lilikuwa wazi: kila Jumatatu walikuwa wengi, na kila Ijumaa wachache. Walikuwa wakifuata Jumapili, wala si sisi.

Katika kanisa letu, baada ya mavuno, watu huleta sadaka ya nafaka kila Jumapili, ikabebwa kupitia ukumbini hadi stoo iliyo nyuma yake. Nilizunguka huko. Mlango wa stoo haukufika chini, na punje zilikuwa zimemwagika hadi nje. Gunia lililokuwa karibu zaidi na mlango lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Nilitambua mshono wake, kwa maana niliushona mwenyewe. Sadaka yangu ilikuwa kubwa kuliko zote mwaka ule, nami nilikuwa nimehakikisha kila mtu anaiona.

Ningeweza kunyamaza. Lakini bila ushahidi huo darasa lingefukuzwa, kwa hiyo nikaenda kwa mwenyekiti na daftari langu.

"Njiwa wanakula sadaka, mzee."

"Nani ameimwaga?"

"Gunia lililotoboka ni langu."

Akalisoma daftari polepole, kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Mwaitu, mama yetu! Kumbe siku ile ulitoa mara mbili: kwa Mungu na kwa ndege wake!"

Nilimwacha acheke. Kisha nikamwomba mapipa yenye vifuniko.

Tulifagia stoo, tukahamishia nafaka mapipani, tukapigilia ubao chini ya mlango. Viota vitupu tuliviondoa na uwazi tukauziba kwa wavu, ila pembe moja tu, iliyokuwa na makinda mawili. Yaliruka Alhamisi, tarehe 6 Aprili. Kesho yake, ndege wote wakiwa nje, tukaifunga pembe hiyo.

Jumamosi, tarehe 8 Aprili, wanakamati walizunguka ukumbi wakitazama juu hadi shingo zikawauma. Kisha wakaketi, na katibu akasoma azimio: nafaka yote ya sadaka ipokelewe katika mapipa yenye vifuniko, na darasa la watu wazima liendelee kuutumia ukumbi bila kikomo cha muda.

"Na muthokoi wao?" mzee mmoja akauliza.

Mwenyekiti akanitazama kabla ya kujibu.

"Waule. Lakini wapanguse meza."

Katibu akaliandika hilo pia.