Baba Aliyegeuzwa Anko

Mtaani walimwita Dada Flaneli, na jina hilo hakujipa. Kila Jumamosi asubuhi alipita vichochoroni na ubao uliovikwa kitambaa cha flaneli, kaubeba kichwani kama mtu anayehama na mlango wa nyumba yake. Begani alining'iniza mfuko wa watu wa Biblia, wa karatasi, migongo yao ina manyoya ili wakibandikwa kwenye kitambaa wanate. Walikuwa wamechakaa kuliko misheni yenyewe. Goliathi alikuwa na mguu mmoja, jambo lililompunguzia Daudi sifa. Baba wa mwana mpotevu naye alishapotea zamani, kwa hiyo siku ya hadithi ile Nuhu alikuja kumshikia zamu, na watoto walishazoea kumwona mzee akimpokea mwanawe huku ana njiwa mkononi.

Darasa lilikuwa chumba cha mabati, benchi nane, watoto sabini, na mtaro wa maji machafu mlangoni ambao ilikuwa lazima uuruke ndipo umfikie Mungu. Humo aliwafundisha wimbo alioutunga mwenyewe, wa kugusa ulimi kwa kidole: "Ulimi wangu mdogo, sema kweli, sema kweli." Yeye ndiye aliyeuimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kati ya wale sabini alikuwamo Kisigino, msichana wa miaka tisa, mfupi, binti wa fundi viatu aliyeketi chini ya mwavuli uliochanika, hatua ishirini kutoka darasani. Mama yake alikuwa amefariki. Fundi alimlea peke yake, akamsuka mwenyewe, na kwa kuwa mkono wake ulizoea kukaza uzi wa ngozi, mtoto alitembea nyusi zimevutwa juu kama mtu aliyeshtuliwa tangu alfajiri. Lakini kichwa chini ya misuko ile kilikuwa moto. Mstari wa Biblia akiusikia mara mbili, umekwisha.

Ikatokea nafasi ya wafadhili wa kuwasomesha watoto. Fomu zikaja, za Kiingereza, na katibu wa misheni akasema bila kuzunguka: "Wasio na baba watangulie." Dada Flaneli akafika palipoulizwa hali ya baba. Visanduku viwili: yu hai, amefariki. Kalamu ikasita. Akajiambia, mtoto ana akili, mama hayupo, na kwani nusu yatima si yatima? Akaweka tiki. Mtu mzima mwenye afya, meno yote, akaenda ahera kwa wino wa bluu.

Kisha akampelekea fundi aweke sahihi, palipoandikwa mlezi.

"Hapa pameandikwa nini, mwalimu?"

"Aa, mambo ya ofisi tu, fundi."

Fundi akafuta gundi vidoleni, akasaini kifo chake, tena akashukuru.

Mfadhili akapatikana: mwanamke mzee wa ng'ambo ambaye watoto walimbatiza Bibi Barua, maana aliandika kila mwezi. Dada Flaneli ndiye aliyemsomea Kisigino zile barua, akiruka palipotajwa marehemu, na ndiye aliyejibu. Mwaka ukapita salama. Uongo ukitunzwa vizuri nao unanenepa.

Halafu Bibi Barua akaja mwenyewe.

Alikuja Jumamosi, na kofia ya majani na macho ya huruma, akasikiliza wimbo wa ulimi, akapiga makofi. Alipotoka aliruka mtaro kama walivyomwonyesha watoto. Mguu ukavuka, ndala ikabaki ng'ambo, ukanda umekatika. Kabla Dada Flaneli hajafungua kinywa, Kisigino alikwishachomoka na ndala mkononi.

"Baba! Baba! Mgeni wangu kakatikiwa!"

Sasa, Bibi Barua alikuwa amejifunza Sala ya Bwana kwa Kiswahili kwa ajili ya safari. Maneno mengine yalimteleza, lakini la kwanza alikuwa nalo. Akageuka. "Baba?" akauliza.

Jua lilikuwa kali, lakini jasho la Dada Flaneli halikutokana na jua. Hapo ndipo angeweza kusema. Angesema, angeaibika, yangeisha. Badala yake akacheka kidogo, akaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba kwetu sisi kila mwanamume mzima huitwa baba, ni heshima tu. Huyu ni anko wake.

Kiingereza chote alichokuwa nacho, na katika maneno yake yote akachagua lile moja ambalo hata mbuzi wa mtaani wanalijua.

Nyundo ya fundi ikasimama hewani. Akamtazama Dada Flaneli, akamtazama binti yake. Kisigino alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akainamisha kichwa, akaanza kuokota misumari ambayo haikuwa imedondoka. Alishaelewa, na alikuwa anaipenda shule yake.

Fundi akashona ukanda ule polepole. "Mwambie anko kamaliza," alisema. "Na hadai kitu."

Bibi Barua, machozi yakimlenga, akatoa mkobani shada dogo la maua ya kitambaa. Alilishona mwenyewe. Akasema maneno mengi, halafu akamtazama mkalimani.

"Anasemaje?" fundi akauliza.

"Anasema... uyapeleke kaburini."

"Kwa nani?"

Dada Flaneli alitazama viatu vilivyopangwa chini, vyote midomo wazi. "Kwa baba yake Kisigino."

Fundi akayapokea kwa mikono miwili. "Mwambie asante. Nitakwenda nayo nitakapoitwa."

"Anashukuru," akatafsiri Dada Flaneli.

Jirani wa fundi, Mama Mitumba, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupigwa pasi, alisikia yote. Mgeni hajafika barabara kuu, jina lilikwishatoka. "Marehemu! Habari za huko? Foleni ndefu?" Jumatatu wateja wakawa wanauliza viatu kwa Marehemu. Fundi alicheka nao, akachomeka lile shada kwenye kopo la misumari. Dada Flaneli akaanza kupita njia ya nyuma, ya matope, akifika darasani na miguu ya mkulima.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya mwana mpotevu. Akambandika Nuhu. Kisigino akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo ni baba yake au anko yake?"

Watoto wakacheka hadi benchi likaanguka. Kisigino hakucheka. Na hakusema Dada kama alivyozoea. Alisema Mwalimu, kwa adabu zote, na adabu ile ndiyo iliyomchoma. Wimbo wa ulimi siku hiyo haukuimbwa.

Akaenda kwa fundi kwa njia ya mbele.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Anko hajambo."

"Wamezikana wenyewe hao, waacheni," Mama Mitumba akadakia.

Dada Flaneli akapiga magoti vumbini, hakujali sketi. "Nimekukosea, baba yangu. Nilitaka mtoto asome."

"Mimi umeniua, nimefufuka, hilo dogo," fundi alisema, sindano mdomoni. "Mtoto je? Usiku ule aliniuliza, 'Baba, ningesema wewe ni baba, ningefukuzwa shule?' Mwanangu amejifunza kunikana kwa kunyamaza. Na darasa hilo amelipata kwako."

Fundi akatoa sindano mdomoni.

"Inuka. Kigoda hicho. Andika barua."

Alimwandikia Bibi Barua pale pale, akisoma kwa sauti, kila mmoja akisikia. Alipomaliza, fundi akamwita Kisigino. "Mwonyeshe palipoandikwa baba." Dada Flaneli akaweka kidole kwenye neno la Kiingereza. Kisigino akalisoma herufi kwa herufi, akaenda zake.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kwa jina la fundi. Safari hii Dada Flaneli hakuruka kitu. Bibi Barua alikuwa amekasirika, tena sana. Shule ya Kisigino itaendelea, kosa si lake. Maua fundi abaki nayo. Chini kabisa palikuwa na swali moja, na Dada Flaneli alipofika hapo akaanza kuikunja barua.

"Malizia," fundi alisema.

"Anauliza... kwenye fomu zangu, marehemu wengine wangapi wako hai?"

Kisigino, aliyekuwa akipaka kiatu rangi, aliinua macho na zile nyusi zake za kushtuka, akangoja.

"Watatu," alisema Dada Flaneli.

Fundi akavuta pumzi. Akapangusa kigoda kwa kiganja, akakisogeza.

"Kisigino," alisema, "mletee mwalimu wako karatasi tatu."