Wimbo Uliofichwa Kinyumenyume

Fundi makochi yule alikuwa haamini mtu, na kwa nyimbo zake ndiyo kabisa. Kila alipotunga, aliandika noti zake za do-re-mi kwa penseli kwenye ubao wa ndani wa kochi la mteja, akazikariri, kisha akazifunika kwa sponji na kitambaa. Mtaani kuna watu wamekalia nyimbo nzima na hawajui. Chanzo ni redio: siku moja alisikia kwaya ya mbali ikiimba kitu chake, au kitu kilichofanana nacho kama pacha, na tangu hapo hata mluzi alipigia bafuni, bomba likiwa wazi.

Ila kulikuwa na wimbo mmoja uliomshinda. Miaka kumi na moja alikuwa nao. Ulianza vizuri, ukapanda vizuri, kisha ukafika mahali ukasimama kama punda aliyegoma. Mwisho haukupatikana. Kwaya aliyokuwa akiitungia iliungoja mpaka ikaacha kuuliza. Ndipo akajiandikisha darasa la utunzi wa kisasa, Jumamosi mchana, chumba cha juu ya duka la kutoa kopi: kompyuta nane, kibodi nane, na mwalimu kijana mwenye kofia asiyoivua hata ndani. Mtu wa kofia ndani ya nyumba, fundi alijiambia, ana jambo lake.

"Wiki ijayo kila mtu alete wimbo wake," mwalimu akasema. "Tutauingiza kwenye mashine, tuutengeneze."

"Ukishaingia, unakaa wapi?" fundi akauliza.

"Humo humo kwenye mashine, mzee wangu."

"Na mashine inakaa kwa nani?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, alikuwa hajajibiwa.

Nyumbani mkewe alimwambia, "Baba watoto, wewe unapeleka kitambaa kwa fundi halafu unakataa kupimwa."

"Nitapimwa. Lakini nikiwa nimempa mgongo."

Siku tatu makochi ya watu yalimngoja uchi, yeye anaandika wimbo wake kinyumenyume: noti ya mwisho mbele, ya kwanza nyuma, kila moja na urefu wake. Jumamosi akauingiza kwenye mashine, akabandika kipande cha karatasi juu ya kamera ya kompyuta, akakunja mikono.

"Leo kuna mbinu moja," mwalimu akasema. "Unachukua wimbo, unaugeuza, mwisho unakuwa mwanzo. Naanza na wa mzee wetu."

Fundi alifungua mdomo. Kidole cha kijana kilishabonyeza. Wimbo wa miaka kumi na moja ukatoka kwenye spika mbili, msafi, umevaa mpaka viatu, ukapanda, ukafika pale pale, ukakata.

"Kumbe uliugeuza mwenyewe," mwalimu akasema polepole. "Kwa nini?"

"Futa."

"Mzee, lakini huu..."

"Futa nikiona."

Kijana akafuta, akafungua na kapu la taka la kompyuta, akalimwaga mbele yake. Fundi alikagua mpaka chini ya kibodi. Alipojinyoosha ndipo akasikia: mama wa dawati la nyuma, muuza miwani, anakusanya vitu vyake huku anaimba puani. Ule ule. Na yule mama hakuwa na kitufe cha kufutia.

Akamfuata kwenye ngazi, hatua tano nyuma, tayari kwa ugomvi. Mama akapanda na wimbo, akafika pale punda anapogoma, akapita. Hata hakupunguza mwendo. Akashuka noti tatu, akazunguka moja, akatua taratibu.

Ugomvi ulimtoka fundi wote. Akachomoa penseli sikioni, karatasi hana, akaandika kwenye kiganja. Mama akageuka.

"Kaka, unaniandika nini?"

"Hakuna."

"Hebu nione huo mkono."

Alimtazama kwa jicho la shaka ambalo fundi alilijua vizuri, maana ni lake.

"Imba tena ile sehemu ya mwisho," fundi akasema, "halafu nitakuonyesha."

"Nionyeshe kwanza, halafu nitaimba."

Wakasimama pale ngazini, watu wa kopi wakiwapita huku na huku, na hakuna aliyeanza.